Ya Baridi, ya Moto, na Ndoo ya Uraka

Nyuma ya kaunta ya grosari, swali la kwanza kwa mteja ni moja: ya baridi au ya moto? Mgeni wa mbali hushtuka akilisikia, akadhani tunapasha bia jikoni. Ya moto ni ile inayotoka kwenye kreti moja kwa moja, haijaingia friji. Nimeuliza swali hilo miaka tisa sasa, hapa Chikongola, Mtwara mjini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini wazee wanaotaka ya moto wanaogopa meno kuuma. Walichokuwa wanakijua wao nimekuja kukielewa kupitia chupa mbili za bia ya Kiingereza. Na baada ya chupa hizo ndipo nilipouonja uraka, pombe yetu ya mabibo ya mkorosho, mimi niliyeunywa tangu ujana bila kuuonja hata siku moja.

Chupa zilikuja na Baharia. Tumesoma naye shule ya msingi, sasa maisha yake ni ya melini, anarudi nyumbani mara moja moja akibahatika. Desemba ya mwaka juzi meli yake ilitia nanga Hull, bandari ya upande wa mashariki wa Uingereza, akapata likizo, akafika Mtwara na sabuni za mama yake, viatu vya watoto, na chupa mbili zilizoviringishwa kwenye soksi nene za sufu. Winter Welcome, kutoka kiwanda cha Samuel Smith kilichoko Tadcaster, Yorkshire. Chupa ya mililita 550, kilevi asilimia 6. Kiwanda hicho kilianza mwaka 1758, na kisima kilichochimbwa mwaka huo ndicho wanachochotea maji mpaka leo. Bia yenyewe hutoka kwa ajili ya majira ya baridi tu, na kila mwaka hutengenezewa lebo mpya.

“Hiyo lebo mwakani huioni tena, mwanangu,” Baharia aliniambia, akaisugua kwa kidole gumba kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha. “Watu kule wanaisubiri. Baridi ikianza kuuma, wanaulizana baa hadi baa, imefika, haijafika?”

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Mimi muuza bia sijawahi kuulizwa na mteja kama bia fulani imefika msimu wake. Zangu hazina msimu. Ninachoulizwa ni kama umeme umekatika.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo, kwa sababu bila hili mengine hayaeleweki. Bia zote ninazouza ni laga. Safari yenye kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro yenye 4.5, na ndugu zao wote wa kwenye kreti. Chachu ya laga hufanya kazi taratibu kwenye ubaridi, digrii kama 7 hadi 13, kisha bia inalazwa wiki kadhaa kwenye ubaridi zaidi ili itulie. Ndiyo maana ikipoa inakuwa safi mdomoni na inakata kiu. Eli, bia ya aina ya ile ya Baharia, ni ukoo mwingine. Chachu yake inapenda joto, digrii 15 hadi 24, inapanda juu ya pipa, inamaliza kazi kwa siku chache na kuacha harufu za matunda nyuma yake. Eli ya majira ya baridi huongezwa kimea, kikiwemo kile kilichokaushwa kwa moto mpaka kikawa kahawia, ili iwe nzito, yenye utamu kidogo na kilevi cha kupasha mwili. Aliyekulia kwenye togwa anakijua kimea: nafaka iliyoloweshwa, ikachipua, ikaanikwa. Kwao ni shayiri, kwetu ni mtama au ulezi. Kazi ni ile ile.

Tulikuwa wanne. Baharia, mimi, Mwalimu anayefundisha kemia sekondari, na Fundi, ambaye anatengeneza mafriji ya nusu ya grosari za mji huu. Fundi ni Mwislamu na pombe haigusi. Tangu tufahamiane hakuna aliyewahi kumsukumia glasi. Ila kipimajoto chake, kile chenye ncha ya chuma na waya mrefu, ndicho kilichotufanya tuache kubishana kwa hisia, na daftari la alama alilishika yeye kwa sababu ndiye pekee ambaye kichwa chake kingebaki kilekile mpaka mwisho.

Karatasi ya alama aliitafuta Mwalimu. Ni mpangilio wanaoutumia waonjaji wa bia wa Marekani, BJCP, wenye alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna bia inavyokaa mdomoni 5, na hisia yake kwa ujumla 10. Mwonekano kupewa 3 peke yake sikukubaliana nako, maana mteja wangu hununua kwa macho kabla ya ulimi. Lakini harufu kupewa 12 ilinishangaza zaidi. Nani hapa kwetu ananusa bia? Tunaifungua, tunaipiga tarumbeta, tunaweka chupa chini. Mwalimu akasema tushike pua tuone. Tulibana pua, tukamung'unya kipande cha embe, kikawa kitu kitamu tu kisicho na jina. Tukaachia pua, embe likarudi. Sijabishana naye tena.

Mara ya kwanza tulionja wiki moja kabla ya Krismasi, kibarazani kwangu. Mwenye kuijua Mtwara ya Desemba hahitaji kusimuliwa. Kusi limekwisha siku nyingi, kaskazi inavuta unyevu wa bahari mpaka chumvi kwenye kikopo inakuwa uji, maembe yanaanguka usiku juu ya bati. Saa moja jioni kipimajoto cha Fundi kilisoma digrii 31.

Na mimi nilikuwa nimekwisha kuiharibu chupa ile mara mbili. Kwanza niliiweka juu ya kaunta siku mbili nzima, karibu na dirisha, ili wateja waione. Samuel Smith wanatumia chupa nyeupe inayoonyesha, na mwanga wa jua ukiipata bia unavunja kitu kilichomo kwenye hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, ukatoa harufu kali ambayo Mwalimu aliitambua kabla hajafikisha glasi mdomoni. “Kicheche,” alisema. Ndivyo ilivyokuwa, kicheche kwa mbali. Halafu, kwa kuwa nilitaka kuwaheshimu rafiki zangu, niliitia kwenye friza ya samaki tangu mchana. Fundi aliposhusha ncha ya kipimajoto kwenye glasi ya kwanza alisoma digrii 1.

Kwenye digrii 1 hakuna bia. Kuna maji mazito yenye gesi na uchungu unaokuja mwisho. Harufu haipandi, ulimi umekufa ganzi, kimea kimejificha. Mwalimu alitoa 24. Mimi 21. Baharia alitoa 31, na tulipomuuliza zinatoka wapi alisema anajumlisha na anachokikumbuka. Fundi aliandika zote bila kuinua macho.

Ila kulikuwa na mabaki. Vidole viwili hivi kwenye glasi yangu vilivyosahaulika wakati tunakula pweza. Niliponyanyua glasi kuimimina nilisikia kitu kama sukari iliyoungua, na nyuma yake zabibu kavu. Nikanusa tena. Kicheche alikuwa bado yupo, lakini nyuma yake kulikuwa na nyumba nzima. Fundi akapima: digrii 19. Sikumwaga. Nikampa Mwalimu, naye akampa Baharia, na Baharia akasema kwa sauti ya chini, “Enhee. Hiyo sasa.” Akatueleza kwamba kule Hull hakuna anayeitaka bia hiyo iwe barafu. Eli ya pipa hukaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, digrii 11 hadi 13, na mtu anaingia kutoka kwenye mvua ya baridi, vidole vimekakamaa, anashika glasi kwa viganja viwili. Kwa mwili wa mtu huyo, digrii 12 ni joto.

Chupa ya pili niliifungia gizani, ndani ya katoni, chini ya kitanda. Tukaapa kuionja kwenye baridi ya kweli. Na baridi ya kweli kwa mkoa wetu inajulikana iko wapi na ni lini.

Julai tulipanda Newala.

Asiyefika Newala wakati wa kipupwe anadhani kusini kote ni joto la pwani. Mji uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu ardhi inakatika mbele ya miguu yako na bonde la Ruvuma linatandazika chini hadi Msumbiji. Asubuhi ukungu unapanda kutoka kule kama moshi wa tanuri. Watu wanavaa makoti ya mitumba, masweta ya shule, kanga mbili mbili. Shangazi yangu anaishi huko, na alitupokea kwa beseni la moto wa mkaa sebuleni, kitu ambacho Mtwara mjini hata Julai hukioni.

Julai pia ni mwezi wa salfa. Mikorosho inatoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga ukiyashika maua hayo huna korosho, kwa hiyo alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo haujaanza, mashine za kupulizia zinanguruma mashambani na unga wa njano unatanda. Binamu yangu alirudi jioni na nguo zake za shambani, akakaa karibu nasi, na Mwalimu akamwomba kwa adabu akaoge kwanza maana pua zetu zilijaa kiberiti. Alienda. Aliporudi tukampa glasi kama fidia.

Chupa tulikuwa tumeiacha nje, kwenye kidirisha cha jiko, tangu saa kumi. Saa mbili usiku Fundi alipima hewa ya kibarazani: 16. Bia: 15. Hatukuigusa kwa friji wala kwa barafu. Ilikuwa, kwa lugha ya kaunta yangu, ya moto.

Nitaieleza polepole kwa sababu inastahili. Rangi yake chini ya taa ni ya shaba iliyosuguliwa, na ukiipandisha juu ya moto wa beseni inaonyesha wekundu pembeni. Povu ni la rangi ya samli, halina haraka ya kufa. Harufu inaanza na mkate uliochomwa pembeni, ule mweusi kidogo ambao watoto huukwangua, kisha inakuja sukari guru, kisha kitu kama tunda bivu ambalo tulishindwa kukubaliana ni lipi. Mimi nilisema zaituni, yaani yale mapera ya kwetu, Mwalimu alisema fenesi kwa mbali. Mdomoni inaingia tamu, inageuka katikati, na uchungu wa hopsi unaisafisha mlangoni mwa koo, taratibu, kama majani makavu ya chai. Haina mdalasini wala karafuu, ingawa Mwalimu alizitafuta akiamini eli ya baridi lazima iwe na viungo. Zipo zenye viungo na zipo zisizo navyo. Hii inajitegemea kwa kimea na chachu. Ikishuka tumboni unasikia kifua kikifunguka.

Mwalimu 40. Baharia 42. Mimi 41. Bia ile ile, kiwanda kile kile, lebo ile ile.

Mzee mmoja jirani wa Shangazi alikuwa amekuja kuota moto. Tulimwamkia, tukamkaribisha, akapewa kikombe cha bati kwa sababu glasi zilikuwa zimekwisha. Alikinusa kikombe hata kabla hatujamwambia anuse. Akanywa funda moja, akanyamaza, akanywa la pili. “Hii imepikwa na mtu anayeijua baridi,” alisema. Nikamuuliza bia anayoitaka akiwa baa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. “Ya moto, mjukuu wangu. Ya baridi utaonja nini?”

Nilikuwa nimemsikia mzee huyo huyo, kwa midomo ya wazee wengine, miaka tisa.

Usiku huo mazungumzo yaliendelea hadi mkaa ukawa majivu. Mwalimu alitueleza kwamba Waingereza wa zamani, katika siku za Krismasi na baada yake, walipasha eli kwenye chungu, wakatia sukari, kungumanga na tangawizi, na kutumbukiza matufaha yaliyochomwa mpaka nyama yake ikafumuka juu kama manyoya ya kondoo. Na salamu yao ya kunywea ilikuwa na maana ya kutakiana afya. Kungumanga na tangawizi hazioti Yorkshire. Zilitoka upande huu wa dunia, zikafuata pepo hizi hizi za kusi na kaskazi tunazozijua kwa majina. Baharia naye aliwahi kusikia kwa mabaharia wenzake habari za Samichlaus, bia inayotengenezwa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolao. Ilianzia Zürich, Uswisi, sasa hutengenezwa Austria, ina kilevi asilimia 14 na hulazwa miezi mingi kabla ya kuuzwa. Siku moja kwa mwaka! Ukikosa, umekosa.

Ni Fundi aliyelisema. Alikuwa anakunja waya wa kipimajoto chake, kikombe chake cha kahawa chungu kimekwisha. “Mnaisifu sana pombe ya watu yenye siku moja. Na uraka je?”

Hakuna aliyemjibu haraka. Nadhani sote tuliona aibu kidogo.

Kwa msomaji wa mikoa mingine: uraka ni pombe ya mabibo. Bibo ni lile tunda lililovimba ambalo korosho inaning'inia chini yake, jekundu au njano, lenye maji mengi, harufu kali na ukakasi unaokausha ulimi. Mvunaji anasokota korosho, anaiweka kwenye ndoo, na mara nyingi bibo linabaki chini ya mkorosho. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi, nyingi kutoka mikoa hii yetu, na bibo huwa na uzito wa mara kadhaa ya korosho yake. Hata ukihesabu mara tano tu, hizo ni tani milioni moja na nusu za matunda ndani ya miezi michache. Yana vitamini C nyingi kuliko chungwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa nje kidogo ya Mtwara, kimeshughulika miaka mingi na mkorosho, pamoja na kufundisha kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Lakini pita shambani mwezi wa Novemba, utasikia harufu ya yaliyobaki kabla hujayaona; nzi na nyuki wanayagombea.

Yanayookotwa ndiyo yanayokuwa uraka. Yapo pia yanayopelekwa mbali zaidi, yakatoneshwa kwa moto yakawa nipa. Hiyo ni pombe ya moshi, sheria imeikataza, na sina la kuisemea. Nazungumzia uraka, ambao haupiti kwenye mtungi wa moshi, ambao msimu wake ni kama miezi mitatu na uhai wake ni siku mbili.

Novemba iliyopita tulikwenda kwa mama yake Mwalimu, kijijini upande wa Masasi. Baharia alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo. Tulifika jioni, tukalala, na saa kumi na mbili asubuhi Mama alikuwa amekwisha kutuamsha. “Mnataka kuonja, njooni muokote.”

Hatukuruhusiwa kuokota ovyo. Mama alitaka yaliyoanguka usiku ule, si ya jana. Alilibonyeza kila moja kwa kidole gumba. Lililobonyea na kubaki na shimo alilitupa pembeni, lililorudi alilipokea. Ya njano aliyatenga na mekundu, akasema ya njano yana maji zaidi na mekundu yana harufu, na kwamba uraka wa rangi moja ni kama mchuzi usio na kitunguu. Tuliyaosha mara mbili, tukayaponda kwenye kinu kwa mkono mwepesi maana ukiyatwanga sana ukakasi unatoka wote, tukayakamua kwa mikono kupitia kitambaa cheupe ambacho hakitakuwa cheupe tena. Maji ya mabibo yakiingia kwenye shati hayatoki. Shati langu la siku ile bado lina ramani yake. Ndoo mbili za lita ishirini zilijaa kabla ya saa nne.

Hapo, kabla ya kitu kingine chochote, Mama alichota kikombe akampa Fundi. “Wewe kunywa sasa hivi, mwanangu, bado ni maji ya tunda.” Fundi alikunywa. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima wa alama zetu yeye kuonja kitu cha kupewa alama. Akamwomba Mwalimu karatasi, akajaza mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuandikia risiti: harufu 12, mwonekano 3, ladha 18, na kwenye mdomo akatoa 2 kwa sababu ya ukakasi. Kisha akafuta ile 2, akaandika 4. Tulipomuuliza, alisema karatasi inauhesabu ukakasi kuwa kosa, na yeye haoni kosa. Bila ukakasi ule utamu ungekuwa wa soda.

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo karatasi ya Wamarekani ilipotushinda. Imetengenezwa kwa ajili ya kimea na hopsi. Tulikaa chini ya mkorosho tukaongeza mstari wetu: ukakasi, alama 5, na anayetoa 5 ni yule anayeusikia ukija, ukikausha, na ukiondoka wenyewe bila maji. Mwalimu akapunguza ladha kutoka 20 kwenda 15 ili jumla ibaki 50.

Ndoo ilifunikwa kwa kitambaa na kuwekwa kivulini. Hakuna aliyetia hamira. Chachu imo kwenye ganda la bibo lenyewe, na joto letu linatosha. Saa nane mchana hewa ilikuwa digrii 32, na Fundi alipoteremsha ncha yake katikati ya ndoo ilisoma 35. Akadhani kipimajoto kimekosea. Akakiweka kwenye mtungi wa maji, akarudia. 35. Ndoo ilikuwa inajipasha yenyewe. Mwalimu alifurahi kama mtoto, akaanza kueleza jinsi sukari inavyovunjwa kuwa kilevi na gesi na namna joto linavyotoka njiani, hadi Mama akamwambia anyamaze na aweke sikio. Tuliweka masikio, mmoja mmoja. Ilikuwa inachemka, sauti ndogo, nyingi, kama mvua ya mbali juu ya makuti.

Mama ana vipimo vyake na vinafuata saa. Wa asubuhi wa watoto, alisema, wa jioni wa wakubwa, wa kesho wa walevi, na wa keshokutwa siki. Tulionja wa saa kumi na mbili jioni, siku ikiwa inatimia. Hatukuupoza. Rangi yake ni ya maji ya mchele yaliyotiwa tone la asali, na povu linazunguka ukingoni mwa kikombe. Harufu ndiyo iliyonimaliza. Miaka yote nilisema uraka unanuka mabibo, basi. Jioni ile nilisikia nanasi lililoiva kupita kiasi, nikasikia ganda la chungwa, na chini kabisa pilipili hoho mbichi iliyokatwa sasa hivi. Mdomoni unauma kwa gesi, utamu wa asubuhi umebaki nusu, uchachu umechukua nafasi, na mwisho ukakasi unafunga mlango. Baharia alikaa kimya muda mrefu, kikombe amekishika kwa viganja viwili kama alivyotusimulia watu wa Hull wanavyoshika.

Mwalimu alitoa 38. Baharia 42, sawasawa na alivyoipa Winter Welcome kule Newala, na safari hii hakujumlisha kumbukumbu. Mimi nilitoa 43, na ningetoa zaidi kama ndoo ya pili isingekuwa na harufu ya moshi kidogo kwa kuwekwa karibu na jiko.

Baharia alitueleza jambo ambalo sikulijua. Huko Goa, India, mkorosho ulipelekwa na Wareno kutoka Brazil kama ulivyoletwa huku kwetu, na kila msimu wa mabibo watu hunywa kinywaji kinachoitwa urrak. Jina karibu lile lile, upande wa pili wa bahari. Wao huutonesha mara moja, wetu hautoneshwi, lakini nao ni wa miezi michache tu na watu wanausubiri. Kinywaji chao kikali cha mabibo, feni, kilisajiliwa mwaka 2009 kuwa mali ya jina la Goa, kwamba hakuna wa kwingine awezaye kuliandika jina hilo kwenye chupa. Tunda ni lile lile tunaloliachia nzi.

Nilimuuliza Mama kama angependa kutoa alama. Alisema hajui kusoma mistari ile midogo, ila ndoo ya leo ni nzuri kuliko ya Jumatano na si nzuri kama ya mwaka ule mvua zilipochelewa. Mwalimu akamuuliza ni mwaka gani. Akataja mwaka aliozaliwa mdogo wake Mwalimu. Anaikumbuka ndoo ya mwaka huo. Nikamwomba Fundi aandike hilo pia, akaliandika.

Baharia alikuwa ameitunza chupa tupu ya Newala, lebo yake bado safi. Akaomba aijaze uraka. Mama aliichuja tena kwa kitambaa, akamimina hadi shingoni, akachonga gunzi la hindi akaliziba. Tuliisimamisha kwenye kona ya chumba tulicholala, gizani, mbali na dirisha. Usiku wa manane kitu kililia paa, gunzi likagonga bati na kuanguka juu ya neti ya Fundi, na sote wanne tukakaa kitandani tukisikiliza povu likishuka ubavuni mwa chupa hadi kwenye sakafu ya udongo.